Rejista ya Darasa na Taarikhi ya Mji wa Wajir

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakaazi wa Fedha, Nairobi



Mmenitaka nizungumze juu ya watu tuliosoma nao Wajir na juu ya taarikhi ya mji huo, nami nimeyaona mambo hayo mawili kuwa ni jambo moja. Kwani mji ambao habari zake zimeandikwa zaidi na waliotumwa kuutawala kuliko waliozaliwa ndani yake, taarikhi yake haina ghala kubwa kuliko vifua vya wenyeji, na katika vifua hivyo ni vichache vilivyohifadhiwa kwa utaratibu kama majina ya watoto walioketi pamoja darasani, yaliyoitwa kila asubuhi kwa mpangilio ule ule hata yakakaa katika nyoyo zetu pasipo sisi kujua kwamba tunayahifadhi. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha jioni hii, ni kwamba orodha hiyo ni hati ya historia, na kwamba kuiandika sasa, pamoja na yaliyompata kila mmoja aliyetajwa ndani yake, ni wajibu wa haki, wala si starehe ya watu waliofikia umri wa kuukumbuka ujana.

Kwa faida ya wasioijua, Wajir iko kaskazini mashariki ya Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa kwa njia ya Garissa, kaskazini kidogo ya ikweta, katika nchi tambarare ya mchanga, miiba na mawe meupe ya chokaa, ambako mvua huja kwa misimu miwili ya mashaka, ile ya masika ambayo Wasomali huiita Gu' na ile ya vuli waiitayo Deyr, na mara nyingine haiji kabisa. Hakuna mto unaopita hapo. Mto Uaso Nyiro, uteremkao kutoka nyanda za juu kwa matumaini makubwa, hupotelea katika kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein, kabla ya kuukaribia mji. Lau ingekuwa ni kwa maji ya mto au ya mvua, mji usingalikuwapo. Ulikuwapo kwa sababu ya visima, maana katika mawe yale ya chokaa maji yako karibu na uso wa ardhi, na mtu akichimba kina kidogo huyafikia, na ndiyo maana visima ni vingi, na ndiyo maana wafugaji wa nchi pana sana walikuwa hawana budi kukutana hapo wakati wa kiangazi. Wenyeji hupokezana habari kwamba vile vya kale vilichimbwa na kaumu iitwayo Maadinle, watu wanaosifiwa kwa kimo na nguvu, walioondoka kabla ya makabila ya leo kufika. Sisi watoto tulionyeshwa visima hivyo, tukaviheshimu, tukasikiliza nyimbo za wachotaji wakipokezana ndoo kwa mahadhi huku ngamia wakingoja zamu, na kila ukoo ukijua kisima chake na saa yake.

Maji yaliyo karibu yana neema yake na yana gharama yake. Katika mji ambao maji hukaa juu namna hiyo, choo cha shimo hakichimbiki bila kuchafua kisima cha jirani, na kwa miaka mingi sana Wajir iliishi kwa vyoo vya ndoo, vilivyobebwa na kumwagwa nje ya mji na watu wachache ambao kila mtu aliwategemea na wachache waliwajua kwa majina. Naomba mlishike jambo hilo, kwani nitalirejea nitakapowataja wanadarasa.

Waingereza walipoweka kituo chao Wajir katika mwaka 1912, walikuja kwa sababu ile ile iliyowaleta ngamia: atawalaye visima huwatawala wanaokuja kunywa. Wakajenga boma, wakalipaka chokaa nyeupe, na baadaye maofisa wakawa na klabu yao iliyopewa jina la klabu ya mashua ya kifalme, ilhali bahari iko mbali kwa siku nyingi za msafara. Kila msafiri aliyeandika juu ya Wajir hukisimulia kisa cha klabu hiyo. Kadhalika husimuliwa kwamba katika Juni 1940, mara tu Italia ilipoingia vitani, ndege zake ziliudondoshea mji mabomu. Lakini katika yote niliyoyasoma, sijapata kukutana na orodha ya watoto waliokuwapo siku ile ya mabomu, wala ya wachotaji waliowatekea maofisa maji, wala ya makarani na matarishi. Hati za utawala zilihesabu visima, zikahesabu ngamia, zikachora mipaka ya malisho ya koo; ama mtu mmoja mmoja, akiwa si mzee wa ukoo anayelipwa mshahara wala mhalifu anayesakwa, hakupata mstari wake.

Kasoro hiyo iliota mizizi katika sheria. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifanywa kuwa nchi iliyofungwa, isiyoingiwa wala kutokwa bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 ikawapa wakuu wa wilaya madaraka makubwa zaidi juu ya makabila na nyendo zao. Uhuru ulipokaribia, tume iliyopelekwa kaskazini mwaka 1962 ilikuta kwamba Wasomali waliokuwa wengi huko walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia. Matakwa hayo hayakukubaliwa, na tarehe 28 Desemba 1963, uhuru ukiwa na wiki mbili tu, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo. Vikafuata vita vya shifta, baina ya serikali na hao waliotaka kujitenga, watu wa nyikani wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikaangamia kwa wingi, na hata baada ya mapatano ya Kenya na Somalia huko Arusha ya mwaka 1967 sheria za hatari zilibaki mpaka mwaka 1991. Sheria ya mwaka 1970 ikafunga mlango wa madai kwa yaliyotendwa na askari na maofisa katika miaka ile ya vita. Fauka ya hayo, waraka mashuhuri wa serikali wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ili faida yake igawanywe baadaye. Na watu wa mahali pasipo mvua wakaingojea hiyo baadaye. Ndiyo sababu msafiri wa Wajir aliyekuwa akipanda lori kuja Nairobi alisema kwamba anakwenda Kenya, naye alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu atajaye jambo lijulikanalo.

Katika mji wa namna hiyo ndimo tulimosoma. Mimi nilifika nikiwa mtoto, baba yangu alipohamishwa kikazi kutoka Pwani, na miaka ya mwanzo ya sabini ilinikuta nimeketi dawati moja na watoto ambao baba zao walikuwa wafugaji, wachuuzi, askari, madereva, makarani na walimu. Alfajiri Waislamu tulikuwa duksi, yaani chuo cha Kurani, na mbao zetu za kuandikia aya kwa wino wa masizi, nami niliyetoka kwenye vyuo vya Pwani nilijiona niko nyumbani. Kisha tukaenda shule ya serikali, ambako mwalimu alifungua rejista yake akatuita mmoja mmoja. Katika rejista kulikuwa na alama mbili: ya aliyekuwapo na ya asiyekuwapo. Zaidi ya hapo rejista haikusema kitu.

Nitawataja wachache, na majina yao nitayasitiri kwa makusudi, kwani walio hai wana haki ya kuulizwa kabla ya kutajwa hadharani, na waliotangulia wana jamaa ambao idhini yao sijaipata.

Alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa amehifadhi juzuu nyingi za Kurani kabla hajajua kushika kalamu ya risasi, na kwa zoezi hilo la kumbukumbu aliweza kusikia somo la taarikhi mara moja tu akalirudia neno kwa neno mbele ya mwalimu. Katika mwaka mmoja wa ukame baba yake alihitaji mikono ya kufuata ngamia, na kijana akaondoka shuleni. Mwalimu akamtia alama ya asiyekuwapo siku baada ya siku, na muhula ulipokwisha akalikata jina lake kwa mstari. Kwa rejista, kijana yule alikwisha hapo. Kwa kweli aliishi, akawa mtu ambaye wazee wa malisho walimtafuta atoe ushahidi wa mapatano ya visima, kwani alikumbuka ni nani aliahidi nini, mbele ya nani, na katika kiangazi gani.

Alikuwapo msichana, mmoja katika wasichana wachache sana, ambaye katika hesabu hatukuwa na wa kumfananisha naye. Aliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, akaolewa. Nilipomwona tena baada ya miaka mingi alikuwa ni mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia sokoni, akiwasimamia wanawake wengine, akijua kichwani deni na mali ya kila mmoja bila karatasi. Na hapana shaka yoyote kwangu kwamba katika nchi iliyomfanyia insafu angalikuwa mhasibu wa benki au mwalimu wa chuo kikuu.

Alikuwapo pia mtoto wa mmoja wa wale wabebaji wa ndoo niliotangulia kuwataja. Baba yake alifanya kazi usiku ili mji uamke salama, na mtoto alikuja shule kanzu yake imefuliwa na kupigwa pasi kuliko zetu sote. Wako waliomkimbia dawatini. Aliyeketi naye ni mtoto wa polisi kutoka upande wa magharibi ya Kenya, Mkristo, ambaye kwa kucheza mtaani alikuwa amekijua Kisomali hata akina mama wa bulla, yaani mtaa wetu, wakamwita mwana wao, na ambaye wakati wa mapumziko alikula anjera yetu, nasi tukala mahindi yake ya kuchoma. Wawili hao walisoma kwa taa moja mpaka mtihani. Huo, kwa ufahamu wangu, ndio umoja wa taifa wa kweli niliopata kuushuhudia kwa macho yangu, na haukuandikwa popote.

Sasa naingia katika jambo zito, na naomba radhi kwa jamaa ambao jeraha lao halijapona. Tarehe 10 Februari 1984, askari wa serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vitongoji vyake, wakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji, wakawaweka juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wakawatesa na kuwaua, na nyumba zikachomwa. Serikali ya wakati ule ilitaja Bungeni watu 57. Wenyeji husema walikufa mamia kwa mamia, na wako wanaosema mpaka 5,000. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikaa Wajir mwaka 2011 ikasikiliza mashahidi, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais mwaka 2013. Nayo pia haikuweza kuufunga mjadala wa hesabu.

Hebu tafakarini ukubwa wa tofauti hiyo. Baina ya 57 na 5,000 mna umati wa watu ambao dola inaweza kusema hawakufa, na tena inaweza kusema hawakuwapo. Jambo hilo liliwezekanaje katika karne ya ishirini, katika nchi yenye vitambulisho, shule, hospitali na makanisa na misikiti? Liliwezekana kwa sababu waliouawa walikuwa watu ambao majina yao hayakuwa katika hati yoyote iliyokuwa mikononi mwa watu wao wenyewe. Wengi waliokusanywa walikuwa wanaume wa umri wa kufanya kazi, na baadhi yao, si haba, walipata kuitwa majina asubuhi katika madarasa ya mji ule. Lau kila darasa lingalikuwa na orodha yake nje ya ofisi za serikali, pamoja na mashahidi walioketi karibu na kila mmoja, ingalikuwa taabu kubwa zaidi kusema 57.

Ithibati ya haya ni kwamba kile kilichookoka kiliokolewa na walioandika. Bibi Annalena Tonelli, Mwitalia aliyefika Wajir mwanzoni mwa miaka ya sabini, akafundisha, kisha akajitolea kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu, akiwaweka karibu naye katika manyata ili kila mmoja ameze dawa yake mbele ya macho mpaka tiba itimie, njia ambayo baadaye ilifuatwa sehemu nyingi za ulimwengu, alikwenda kuwaokota majeruhi na maiti wa Wagalla. Kwa juhudi yake na ya wenyeji waliomsaidia, habari na picha zilitoka nje. Alilazimika kuondoka nchini, akaendelea na kazi yake Somalia, akapewa tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa Borama. Na Bwana S. Abdi Sheikh, mwana wa kaskazini, alichapisha mwaka 2007 kitabu kizima juu ya Wagalla, pasipo kungoja ruhusa ya tume yoyote. Watu hawa wametufundisha kwamba kazi ya kuandika majina haina haja ya kungojea serikali iwe tayari kusikia.

Sisi watu wa Pwani tuna methali ya kale isemayo: Mgala muue na haki umpe. Ni methali iliyozaliwa na uadui wa zamani baina ya miji ya mwambao na wafugaji wa bara yake, na nusu yake ya kwanza hainipendezi hata kidogo. Lakini waliotunga nusu ya pili walitambua jambo kubwa, ya kuwa haki ya mtu haikatiki kwa uadui wala kwa kifo chake. Ikiwa wazee walikubali hivyo kwa adui, sembuse kwa mtu uliyeketi naye dawati moja, ukamwazima rula, akakupa maji.

Wala taarikhi ya Wajir haikuishia Wagalla, na sitaki muondoke na fikira kwamba ni mji wa msiba tu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya ukame mkali na vita vya Somalia kumwaga silaha mpakani, koo za Wajir ziligeukiana. Walioanza kuzima moto ni wanawake wa sokoni, waliokubaliana kwamba kila mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Wakafuata vijana wenye elimu na wazee, hata likapatikana Azimio la amani la Al-Fatah mwaka 1993, na baadaye kamati ya amani na maendeleo iliyoigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964, ambaye ulimwengu ulimtunuku tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na ambaye tulimpoteza Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Watu hawa walifahamiana kabla ya vita. Ni vigumu kumwogopa kabisa mtu ambaye unajua alikuwa akilia kwa hesabu za kugawanya, na naamini kwamba ujuzi huo mdogo, ukizidishwa kwa madarasa na miaka, ulikuwa ni sehemu ya akiba ambamo amani ya Wajir ilitolewa.

Mtaniuliza, basi, kwa nini mambo haya yanasemwa Fedha, chini ya ndege zinazoshuka, na si Wajir kwenyewe? Yanasemwa hapa kwa sababu wana wa Wajir wako hapa, baadhi yenu katika ghorofa hizi, wengine Tassia, Pipeline na Nyayo, na wengi zaidi Eastleigh. Na yanasemwa hapa kwa sababu ardhi hii nayo ina deni la majina. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao riziki ya wengi wa mtaa huu hutoka humo, ulijengwa kwa mikono ya mahabusu wa wakati wa Mau Mau, waliochimba na kusomba mawe chini ya ulinzi. Nani kati yetu aweza kutaja hata mmoja wao? Watu wa Kati walifungiwa hapa wakajenga, watu wa kaskazini walifungiwa kwao wakasahauliwa. Na wajukuu wao leo wanapanda matatu moja kwenye Barabara ya Outering bila kujua kwamba babu zao waliandikwa na kufutwa na mkono wa namna moja. Majirani wa Fedha msiotoka Wajir, hii ndiyo haja yangu kwenu: mhadhara huu ni wenu pia.

Na kuna sababu ya karibu zaidi. Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera wakauawa watu 28, walimu wakiwamo. Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Na walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya wakaondoka kaskazini kwa hofu ambayo hakuna awezaye kuilaumu. Madarasa yakabaki bila walimu. Mtoto wa Wajir wa wakati huo hakuketi na mtoto wa polisi kutoka magharibi kama tulivyoketi sisi, na mtoto wa Fedha huenda amalize shule nzima bila kuisikia Wajir isipokuwa katika habari za milipuko. Lakini Desemba 2015, basi jingine liliposimamishwa karibu na El Wak na washambuliaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata katika hospitali ya hapa Nairobi. Abiria hao waliwanyima washambuliaji ile orodha waliyoitaka, ya kuwagawanya watu kwa dini. Nami nasema kwamba orodha tutakayoiandika sisi lazima iwe kinyume kabisa cha ile.

Kwa hiyo nije katika namna ya kuifanya kazi. Kila darasa liandikwe kwa mwaka wake wa kuingia na wa kutoka, na kila mtoto aandikwe kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kwani mjini kwetu Mohamed na Abdi ni wengi mno. Fauka ya hayo liandikwe jina la utani, maana mtu anaweza kupotea katika karatasi kwa jina la Abdi Mohamed, lakini mji mzima ukamjua Mrefu au Mwenye Mkono wa Kushoto, na shahidi wa leo hukumbuka hilo la pili. Ukoo usiandikwe. Najua wako watakaosema kwamba bila ukoo taarikhi ya kaskazini haifahamiki, na katika mambo ya malisho wana haki. Lakini mwaka 1984 watu walichaguliwa kwa ukoo, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya wote walitakiwa kuthibitisha uraia wao kwa sababu ya kabila lao, na orodha ya darasa haina sababu ya kumpa mtu mwingine silaha hiyo. Darasani tuliketi kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma, na utaratibu huo unatosha.

Wasichana watafutwe na wasichana wenzao, yaani akina mama waliosoma nao, kwani jina la mwanamke aliyeacha shule darasa la nne huenda lisitajwe na kaka yake. Watoto wa wahamiaji nao waandikwe, wa polisi, wa manesi, wa wabebaji ndoo, hata wakiwa wamerudi Kakamega au Machakos. Walikuwa ni wa mji kwa muda waliokuwa mjini. Aliye hai aulizwe kwanza, na akikataa, jina lake libaki kwa aliyemkumbuka. Kisha, pembeni ya kila jina, iwekwe safu ambayo rejista za mwalimu hazikuwa nayo, safu ya tatu baada ya aliyekuwapo na asiyekuwapo, ya kueleza lililompata: alifuata ngamia, aliolewa, alikwenda Ughaibuni, alifariki kwa ugonjwa, aliuawa Wagalla, hajulikani alipo. Pale penye shaka paandikwe kwamba pana shaka na jina la anayesimulia. Nakala moja ibaki kwetu, moja ipelekwe shuleni Wajir, na moja ikabidhiwe Nyaraka za Taifa hapa Nairobi, ili karatasi za watawala zilizohesabu ngamia zikae rafu moja na karatasi za waliotawaliwa.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivi ni kufukua makaburi. Nawajibu kwa heshima kwamba waliozikwa bila hesabu ndio wasiokuwa na kaburi, na kwamba wajane wa Wagalla hawakusahau hata siku moja. Kinachofukuliwa ni usahaulifu wa wengine. Wako watakaosema kwamba kumbukumbu ya mzee haiaminiki. Ndiyo maana nasema darasa zima, si mtu mmoja. Kwani anachokosea mmoja, aliyeketi nyuma yake atakisahihisha, na mapatano ya watu ishirini waliotawanyika Wajir, Fedha, Minneapolis na Dubai, wasioweza kupanga maneno yao pamoja, ni ushahidi ambao mahakama yoyote ingeupa uzito. Na wako watakaosema kwamba wakati upo. Kwa hao sina jibu jingine ila kuwaomba wahesabu ni wangapi wa darasa lao wanaofikika leo kwa simu, na ni wangapi waliokuwa wakifikika miaka kumi iliyopita.

Hadhirina, kazi hii haihitaji fedha wala kibali. Inahitaji daftari, uaminifu na subira, na inaweza kuanza kwa mtu mmoja kuandika majina ya waliokuwa kulia kwake na kushoto kwake. Mji uliohesabiwa visima na ngamia kwa zaidi ya miaka mia moja una haki ya kuhesabiwa watoto wake na watoto hao wenyewe. Idadi ya watu hubishaniwa, na mwenye nguvu ndiye hushinda ubishi. Lakini jina la mtu, likiwa na baba na babu, na dawati lake, na mwenziwe aliyeketi naye akiwa tayari kusimama na kusema alikuwapo, hilo halikanushwi kwa tamko la waziri yeyote.